Aliyoyafuta Mzee Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta ya Mzee, mume wangu, inasuasua. Tangu kiharusi kimfunge ulimi, ndiyo mdomo wake ile — anabonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto, mimi nasoma. Leo kaandika: “Chai haina sukari, au mapenzi ndiyo yamekwisha?” Mzee huyu! Nimecheka mpaka basi. Kesho namwita fundi.

Jumanne, 5 Machi
Fundi kaja Mzee kalala. Kakuta programu imejificha humo. Inanasa kila kitufe kinachobonyezwa. Hata neno likifutwa, yenyewe imeshalihifadhi. Nywila pia. Halafu inatuma kwa intaneti. Kwa nani? Kwenye barua pepe ya kifungua mimba wangu!

Nikampigia. Hakukana. Aliiweka alipokuja likizo, eti baba kila siku anamwandikia “sijambo, mwanangu”, naye huko mbali anataka ukweli. Nikamwuliza, baba yako angekuwa na ulimi ungemtegea kinasa sauti chini ya kitanda? Akalia. Nilitaka kumchukia, nikashindwa.

Tena programu yenyewe ya bure. Fundi anasema nakala huenda zinafika na kwa walioitengeneza, watu tusiowajua. Rahisi ghali.

Kaiondoa. Yaliyokwishatumwa hayarudi. Kabla ya kufuta faili la yaliyonaswa akaniuliza kama nataka kulitazama.

Alhamisi, 7 Machi
Ilinipasa niseme hapana. Nilisoma.

Jumatatu, kabla ya ule mzaha wa sukari, alikuwa ameandika: “Mke wangu, umechoka. Nakuona unavyojishika kiuno ukininyanyua. Naomba Mungu anichukue, upumzike.” Akafuta yote.

Na mimi nilidhani nimemficha hicho kiuno. Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemweleza habari ya mtoto. Ningemwachaje asijue? Ya faili nimenyamaza.

Alisikiliza akitazama ukuta. Kidole kikashuka mapajani, kikatulia huko. Nikaogopa — akiacha kubonyeza, ndiyo basi, sitamsikia tena maisha yangu yote. Nikamsihi. Nikamwambia imeondolewa, asikiaye sasa ni mimi tu.

Kisha kidole kikapanda, herufi moja moja:

“Na wewe umesoma?”

Nimekimbilia jikoni, eti natazama maji. Naandika nimesimama. Maji yamechemka kitambo. Mlango uko wazi, namwona — uso kauelekeza huku, anasubiri jibu langu.