Habari Alizonipa Mjomba

Chaani, Changamwe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kifua chako kimepoa na mbuzi wamepata majani. Mimi ni mzima wa mwili. Mwalimu Daudi, wewe unayemsomea mama, tafadhali wengine watoke kwanza, halafu usome polepole.

Mama, mmekwisha kusikia kwamba ndugu yako, mjomba Chirima, amefungwa, na kila mtu anauliza nani aliyemchongea. Ni mimi.

Unajua kazi yangu ni kuzunguka na bwana wa ofisi ya wanyama, yule watu wamwitaye Bwana Nyama, katika vijiji vinavyopakana na mbuga mpya ya serikali. Yeye husema Kizungu, nami hugeuza kwa lugha yetu, kwa kile Kizungu nilichojifunza jeshini wakati wa vita. Tunawafundisha watu wasiue tena ndovu wala faru. Somo lenyewe si baya. Nimeona ndovu waliong'olewa pembe, nyama yote imeachwa ioze, nikakasirika kweli. Lakini jaribu kumwambia mtu ambaye mtama wake umekanyagwa wote kwamba ndovu ni mali yetu sote. Hunitazama tu, nami humaliza somo nikiangalia viatu vyangu.

Mwezi uliopita tulifika kwa mjomba. Alifurahi kuniona, akatupa vigoda na maji, kisha akaniomba habari kama ilivyo desturi yetu. Nikampa zote, za kazi, za mjini na za kanisani. Ikawa zamu yake. Unamjua ndugu yako, kwake kubakiza neno ni kumdharau mgeni. Akasema mvua hakuna, mtoto aliugua, njaa ilizidi, akampiga ndovu mmoja mshale, wakala yeye na majirani, na pembe amezifukia nyuma ya zizi.

Nami nikamgeuzia bwana kwa Kizungu neno kwa neno, mama, bila kufikiri. Mdomo umezoea. Nilishtuka nilipoona Bwana Nyama ameweka kata ya maji chini, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Askari tuliofuatana nao wakaenda kuzichimbua pembe. Mjomba hakumtazama bwana, alinitazama mimi.

"Yusufu mpwa wangu," akasema, "habari hizo nilikuwa nakupa wewe."

Jumapili nilikwenda jela kumwona. Amekonda, na mikono imechubuka kwa kuvunja mawe. Nilimwomba radhi nikalia mbele ya askari. Afadhali angenitukana. Aliniambia tu niwaangalie watoto wake, basi. Naona aibu hata kula.

Nilitaka kuiacha kazi hii, lakini watoto hao sasa wanakula kwa mshahara wangu. Na tumeambiwa mwezi ujao tunakuja kufundisha huko kwetu.

Nisalimie dada Mbeyu na mzee wa kanisa. Mkaza mjomba pia, kama atakubali kusikia jina langu. Na waambie wote, nyumba kwa nyumba, kwamba nitakuja pamoja na Bwana Nyama. Wanipe maji, wanipe kigoda, lakini mtu yeyote asinipe habari. Hata wewe, mama. Nikikuamkia, itikia marahaba, kisha unyamaze.

Mwanao,
Yusufu