Diski Kuukuu ya Jackton

Jackton,

Nampeleka dadako hospitali akashonwe kichwa. Ugali uko kwa sufuria. Damu iliyo sakafuni uipanguse wewe mwenyewe.

Asubuhi ulimkuta Awuor anachomoa diski kwenye kompyuta yako, ukampiga na nyundo kabla hajamaliza kusema. Video zako za harusi ziko salama. Ile nywila aliyofungia diski, unayoilaumu kila siku kwamba inaichelewesha kompyuta, haikuwa na kosa. Ni diski kuukuu uliyoichanganya na mpya: ni nzito, na hizo mpya zilikuwa zinaingoja. Ulipotoroka aliiwasha kompyuta bila hiyo diski, damu ikimtiririka, na kompyuta ikafanya kazi kwa kasi.

~~Nikirudi nisikukute hapa.~~ Usitoke.

Awuor ananisihi nisiite polisi. Mimi bado sijaamua.

Mama yenu