Ng'ombe wa Maziko

Mjukuu wangu Shija,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na pamba imeota. Unauliza, kwa kuwa umeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yako mdogo, kipi hutangulia: maziko au warithi? Maziko hutangulia. Gharama zake hutoka katika mali ya marehemu, kabla mrithi hajagusa kitu.

Lakini sikiliza. Ujanani mwangu, shemeji yangu alifia machimboni Geita. Aliacha ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Dada yangu, mjane wake, alikuwa mgonjwa, na matiti yake yalikuwa yamekauka, hivyo mtoto wao mchanga aliishi kwa maziwa ya ng'ombe huyo. Desturi yetu ilitaka mwenye mji azikwe katika ngozi ya ng'ombe wake, basi kaka wa marehemu akanoa kisu.

"Shemeji," dada yangu alimsihi, "mwenzangu hanywi tena. Mwanawe anakunywa."

"Unataka tumzike kwa mkeka kama mpita njia? Mali ya mtu humzika mwenyewe!"

Wazee wakaafiki. Sheria ilidai maziko, haikudai ng'ombe. Hakuna aliyelisema hilo, na nyama tuliila sote.

Mvua hazijakwisha, tukamzika mtoto. Tulimzika kwa mkeka, na hakuna aliyeona aibu.

Kabla hujafungua zizi, uliza maziwa hunywewa na nani.

Babu yako, Shinyanga