Fahmo amekula tope la utafiti

Shamis, shika moyo. Fahmo amekula bahari!

Si unajua vile mimba inamtuma kutafuna udongo? Leo amefungua friji, akapata vipakiti vinne vya shemeji yake Khadar, yule msomi wetu mkubwa, akamaliza vyote. Vyote, Shamis!

Kumbe ni tope la chini ya bahari ya Lamu, kila kipakiti na tabaka la miaka yake ya zamani. Maabara ya Nairobi ingepima vigamba vya vijidudu vilivyomo ndani ijue maji yalianza kupata joto lini.

Khadar analia: "Shemeji, umemeza miaka yote ya ukoloni! Digrii nitapata na nini?"

Fahmo, bila hata aibu: "Ukoloni ulikuwa na chumvi sana."

Na wallahi, msomi akachukua kalamu, akaiandika hiyo chumvi kwenye daftari lake la utafiti.