Mama Mkwe Anamtafuta Mwimbaji, na Mwimbaji ni Yeye

Mpendwa Shangazi Mkamburi, nakuomba msaada, na tafadhali ukisoma usicheke, kwa sababu mume wangu nilipomwambia alicheka mpaka simu ikamponyoka, halafu akasema hayo ni mambo ya wanawake nisimwingize.

Mimi ni mama wa nyumba hapa Mraru, nashona yunifomu za shule nyumbani na nikimaliza napeleka Voi kwa duka moja pale sokoni, na naishi na mama mkwe kwa sababu mume wangu Geoffrey anafanya kazi Taveta na huja mwisho wa mwezi tu. Mama mkwe si mtu mbaya, naomba uelewe hilo kutoka mwanzo, lakini ni mtu wa msimamo, ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kwake nyimbo ni za aina mbili, za Mungu na za shetani, katikati hakuna kitu. Nilipoolewa nilikuja na redio yangu ndogo, nikawa naweka muziki nikishona, akaniambia, "Mwanangu, hii nyumba imeombewa," nikaizima, na tangu hapo nimeshona na kelele ya cherehani peke yake.

Sasa mwaka huu rafiki yangu Cynthia, anayeniuzia vitambaa, akanifungulia podikasti kwa simu. Shangazi, mimi nilikuwa nadhani simu ni WhatsApp na kupigiana tu, kumbe kuna watu wamekaa mahali wanaongea, huyu juu ya kazi na biashara, yule juu ya kujijenga na kujipenda, mwingine juu ya muziki na mila za watu, na unasikiza huku mikono inafanya kazi, na ukiweka vile vidude vya masikioni hakuna anayejua unasikiza nini. Nilipagawa! Kwa ile ya kazi nilijifunza kumkataa mteja anayekuja Jumapili jioni akitaka sare ya Jumatatu asubuhi, na kwa ile ya kujijenga nikajifunza kusema hapana, nikamwambia wifi yangu hapana, akanuna na mpaka leo bado amenuna.

Siku moja nikapata ya nyimbo za zamani za huku kwetu milimani, kijana anayeiendesha anaitwa Elvis, anazunguka akirekodi wazee. Nikaanza kusikiza, nikasikia Kidawida kizuri, lugha yetu, wanaongea juu ya vilima vya Ndara na Sagalla, nikafurahi jameni, na kwa ile furaha nikatuma linki kwa kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa kanisa, nikaandika "Sikizeni, hata sisi tuko," na sikuwa nimefika hata katikati. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Katikati kuna mama anaimba mwazindika. Si kuitaja, anaiimba, ile ngoma ya zamani ya kupunga pepo ambayo kanisani kwetu hata jina lake likitajwa watu wanaanza kukohoa. Na anaimba vizuri, Shangazi, huku anapiga debe kwa mkono, sauti nyembamba kama ya msichana, mimi nywele zilinisimama. Jina halikutajwa, ni "mama mmoja wa Mraru" tu. Nikasema huyu ni nani, nikarudisha nyuma nisikize tena, na nyuma ya wimbo nikasikia kitu kinalia kwiku-kwiku, kwiku-kwiku, nikaangalia miguuni, kwa sababu hiyo ni pedali ya cherehani yangu, inalia hivyo tangu Krismasi na sijaitia mafuta. Ni mimi niko hapo nyuma nashona! Ndipo nikakumbuka kijana mmoja alikuja, nikampa maji ya kunywa, mama akasema ni mwanafunzi amekuja kuuliza mambo ya zamani kwa ajili ya mtihani wake, wakaenda kukaa jikoni, na mimi nikarudisha vidude vyangu masikioni nikaendelea na sketi zangu, nikisikiza, Shangazi, podikasti ya muziki.

Na kama bado nilikuwa na shaka, Elvis anamuuliza kama yeye amemfundisha mtu hizo nyimbo, naye anacheka kile kicheko chake cha puani na kusema, "Nimfundishe nani? Niko na mke wa mwanangu, lakini huyo akishaziba masikio hata nikimwita chakula hasikii." Basi nikamaliza kusikiza.

Kikundi nacho kikawaka moto. Huyu ni nani, huyu ni nani! Wengi bando ziliisha wakasikia wimbo tu, maongezi hawakusikia, na mama mkwe hakuna aliyemfikiria, kwa sababu kanisani anajulikana kwa maombi, sauti nzito ya Kiswahili, kuimba anaimba chini chini. Basi wakamuangukia Mama Valentine, kiongozi wetu wa nyimbo, eti kwa sababu akiimba mabega yake hucheza. Wengine wakaenda kumpelekea mama mkwe habari nyumbani, na yeye ana kabambe tu, ile simu ndogo ya vitufe, WhatsApp hana, hajasikia hata neno moja la hiyo podikasti, aliambiwa tu kwamba mama wa hapa hapa ameimba mwazindika kwa mtandao. Shangazi, nilikuwa nimebeba sinia ya chai, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Awe nani awe nani, Jumapili ya mwisho wa mwezi asimame mbele atubu." Na yeye ndiye atakayeongoza hicho kikao.

Mama Valentine amesimamishwa kuongoza nyimbo mpaka siku hiyo. Alikuja kwangu kuchukua gauni lake, akakaa kwa kiti changu cha kushonea akalia, akaniambia, "Wakio, hata huo wimbo sijui unaanzia wapi, nitatubu nini?" Nikampa chai.

Sasa nimechanganyikiwa mpaka nakata kola nazifanya mikono. Nimerudi kwa zile podikasti nitafute jibu. Yule wa kujijenga anasema sema ukweli wako hata dunia ikasirike, mwenzake anasema linda amani yako na usibebe mizigo ya wengine, yule wa mila anasema tuwaheshimu wazee wetu, na wa kazi anasema usichanganye familia na mambo mengine, na kila nikimaliza kumsikiza mmoja nasema ndiyo, huyu ndiye, halafu namsikiza mwingine nasema hapana, ni huyu. Ya mama mkwe aliyeimba mwazindika nimetafuta, sijapata. Na mama mwenyewe simwelewi, juzi nilimkuta amesimama jikoni, mwiko mkononi, ugali unaungua, anaangalia lile debe, mpaka nikajiuliza, kwani anajua? Au hajui?

Na acha niseme ukweli wote maana hunijui: kuna mahali ndani yangu panafurahi. Nakumbuka redio yangu, nafurahi, halafu naona aibu, halafu nakumbuka tena nafurahi tena. Je, nimwambie? Ninyamaze tu ipite? Mama Valentine nifanye naye nini? Au nitoke kwa kikundi nizime simu? Nisaidie, Jumapili inakuja.

Ni mimi, mkaza mwana aliyevurugika kichwa, Mraru.

SHANGAZI MKAMBURI ANAJIBU

Mwanangu, nimecheka. Uliniomba nisicheke, nimeshindwa, pole. Sasa nimemaliza. Majina nimeyabadilisha yote na kijiji nimekihamisha, kwa hivyo nyinyi wasomaji mlioanza kuwahesabu akina mama wa Mraru, tulieni, si huko.

Kutuma linki hakukuwa dhambi. Ulisikia lugha ya kwenu ukafurahi, ukataka na wenzako wafurahi. Ungesikiza mpaka mwisho kabla ya kutuma, ndiyo, na hilo ni somo kwa kila mwenye simu na kidole chepesi. Mpaka hapo nakusamehe. Lakini tangu siku ulipoisikia pedali yako, wewe ni mtu anayejua. Mwenzako amekuja kwako amevuliwa heshima kwa jambo asilolifanya, amekalia kiti chako analia, nawe umempa chai. Chai, mwanangu! Hata kama uliweka tangawizi.

Unasema umechanganyikiwa. Mimi naona umeogopa, na mtu akiogopa huzunguka kila mlango akiomba ushauri mpaka apate ule unaomruhusu kukaa kimya. Hao watu wa podikasti sina ubaya nao, hata mimi nasikiza wa mapishi. Umejifunza kukataa sare za Jumapili jioni, hongera, wengi wetu hatujaweza. Lakini anayekwambia useme ukweli wako hamjui mama mkwe wako, na anayekwambia ulinde amani yako hajawahi kumwona Mama Valentine akilia. Wao wanaongea na maelfu. Wewe kazi yako ni kuongea na wawili.

Hiyo furaha yako ya redio naielewa, nami nimekaa na mama mkwe. Ifurahie ukiwa peke yako chooni, halafu uiache huko huko. Ukienda nayo mbele yake ataiona usoni, na hapo hatasikia neno lingine.

Sasa kuna sentensi moja umeiandika ukaipita mbio. Kijana alipomuuliza kama amemfundisha mtu, mtu aliyemjia akilini ni wewe. Hebu irudie kuisoma. Huyu mama amekaa na wimbo tangu usichana wake, na siku aliyopata mtu wa kumuuliza, mtu huyo alikuwa mgeni mwenye kinasa sauti, na mke wa mwanawe yuko chumba cha pili anatafuta muziki kwenye simu. Sikulaumu peke yako, redio aliizima yeye. Mmeishi nyumba moja mkifichana nyimbo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye adui wa muziki. Inasikitisha, na inachekesha, na lazima mmoja wenu aanze kuongea.

Utaanza wewe. Usimngoje Geoffrey, huyo ameshakwambia amejitoa. Tafuta wakati hakuna mgeni, kaeni mchambue maharagwe, vidude viwe mbali na masikio yako, na uanze na kosa lako: "Mama, yule mwanafunzi aliweka sauti yako mahali ambapo watu wote wanaisikia, na mimi ndiye niliyewatumia akina mama kabla sijajua ni wewe." Basi, nyamaza hapo. Usimwekee simu usoni kama polisi aliyekamata mwizi. Akitaka kusikia, msikizishe. Asipotaka, usimlazimishe. Atakasirika, na hasira atakumwagia wewe kwa sababu wewe ndiye uko karibu. Vumilia. Na siku hiyo ukithubutu kumkumbusha redio, mimi usiniandikie tena.

Unauliza kama anajua au hajui. Kama hajui, ana haki ya kujua kabla hajamhukumu mtu kwa wimbo wake mwenyewe, na kama anajua, anaungua peke yake na anahitaji mtu wa kumwambia "Mama, mimi pia najua." Kwa vyovyote maneno yako ni yale yale, kwa hivyo acha kumchungulia jikoni.

Huyo Elvis naye muandikie, na usimbembeleze. Kumwambia mama wa watu ni mambo ya mtihani kisha kuipeleka sauti yake duniani ni kukosa adabu, hata kama kazi yenyewe ni nzuri. Mama akisema itolewe, itolewe. Akisema ibaki na jina lake liwekwe, hilo nalo ni lake kuamua, si lako wala la kikundi.

Kama mwazindika ni dhambi au si dhambi, mimi sijui. Muulizeni mchungaji, kisha waulizeni wazee, na msishangae wakitofautiana. Lakini kumtwika mtu wimbo asioujua, hilo halihitaji mchungaji.

Kwa Mama Valentine nenda leo, ukimaliza tu kusoma hapa. Mwambie, "Najua si wewe, na nitalisema mbele ya watu." Atakubembeleza umtajie ni nani. Usimtajie. Na kwenye kikundi usitoke, maana ukitoka sasa watasema ni wewe uliyeimba, na sauti hiyo, kwa jinsi unavyoieleza, huna.

Ikifika hiyo Jumapili, mama mkwe wako akisimama akasema ni yeye, simama naye, na mkirudi kukaa kaa ubavuni pake, hata benchi zima likihama. Asiposimama, utasimama wewe. Useme, "Mama Valentine si yeye, na nina hakika." Watakuuliza wote kwa pamoja, basi ni nani?

Kaa chini.