Maelezo Kuhusu Fundo Alilolilowanisha Marta

Jina: Kalisti Sunzu
Umri: Miaka 46
Dini: Mkristo Mkatoliki
Kazi: Fundi baiskeli, pia mvuvi wa mshipi
Makazi: Makanyagio, Mpanda

Nasema ukweli mtupu, na namwomba afande aandike kama ninavyotamka, asinipunguzie ukali.

Mnamo tarehe 13/09/2025, Jumamosi asubuhi, nilikuwa sokoni Kashaulili, hapa Mpanda, na rafiki yangu Method, mwenye mashine ya kusaga. Tuliingia duka la vifaa vya uvuvi la Marta, mama Emelyne. Method alitaka uzi wa kuvulia kuhe, wale samaki wakubwa wa Ziwa Tanganyika, kule Karema. Marta alimshauri aachane na nailoni, maana maji ya Tanganyika ni maangavu, samaki anauona uzi anakimbia. Akampa flurokaboni, ambayo majini haionekani na inazama vizuri. Akasema, "Kaka, huu uzi ni mgumu. Ukikaza fundo kavu linajiunguza lenyewe kwa msuguano. Lilowanishe kwanza." Akamfungia ndoana moja, akalitia fundo mate, akavuta, akampa.

Tulipotoka Method alikuwa amenuna. "Umemwona yule Mrundi? Kanitilia mate. Anataka kunifunga bahati." Nikamwambia aache ujinga. Mrundi gani? Marta kazaliwa Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi zamani, ni raia kama mimi na yeye. Tena mimi mwenyewe fundo nalilowanisha hivyo hivyo. Nikadhani yameisha.

Jumatatu asubuhi tukawa ziwani kwenye mtumbwi. Method akatoa wembe, akalikata fundo la Marta, akalitupa majini, akafunga lake. Kavu! Nikamwambia, "Basi kama mate yanakutisha, chovya hata maji ya ziwa." Akajibu kwamba yeye hafundishwi kuvua. Haukupita muda kuhe akashika, mkubwa, kichwa nilikiona kwa macho yangu. Method akavuta, uzi ukakatika pale pale kwenye fundo. Ncha ilikuwa imejikunja kama unywele uliobabuliwa na moto. Fundo lake mwenyewe!

Sasa mtu mzima na ndevu zake anarudi mjini anasema nini? Jumanne nafika sokoni nakuta watu wamejaa dukani kwa Marta, mlango umeng'olewa, yeye kapigwa jiwe la bega. Method yuko mbele anapiga kelele, "Mate yake ndiyo yamekata uzi! Mchawi huyo!" Nikamuuliza mbele ya wote, "Mate yapi, Method? Si uliyakata ukayatupa ziwani?" Akasema, "Uchawi haukatwi kwa wembe." Na watu wakamshangilia! Mimi nikaambiwa nimehongwa. Jamani! Watu hao hao ndio wanaonunua ndoana kwake kila wiki.

Nilikasirika na mpaka sasa nimekasirika. Mwanamke akishaitwa mchawi hapa kwetu, hata akinyamaza ni ushahidi, hata akilia ni ushahidi. Marta anasema atafunga duka arudi Katumba. Kosa lake ni kumfundisha mtu kazi. Sikuitwa hapa kituoni, nimekuja kwa miguu yangu, na haya nitayasema hata Method akiwa amekaa mbele yangu.

Jana jioni nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta binti yake, Emelyne, wa darasa la pili, anashona kifungo cha sare ya shule. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, mtoto akaupeleka mdomoni. Marta akampokonya kwa ule mkono ulio mzima. Akachungulia dirishani kwanza, ndipo akamwambia polepole, "Usilambe uzi, mwanangu. Watakuona."

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Sina neno la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: K. Sunzu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Zefania, leo tarehe 18/09/2025. Shahidi amesomewa yote, amekubali ndivyo alivyosema, na ametia sahihi mbele yangu.