Bao Lisilolala Nyumbani

Mlandege, Unguja
14 Januari 2006

Mwanangu Suud,

Pokea salamu za Idd, zile ambazo hukuwepo kuzipokea kwa mkono. Sisi huku wazima, ila goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Kifua chako kimepoa? Hiyo baridi ya Leeds usibishane nayo, vaa fulana mbili.

Haya, niandike lililonikalisha. Bao lako nimeliona. Shemsa, mwenye duka la intaneti hapa chini, alinikalisha kwenye kiti chake cha kuzunguka, akabonyeza, bao likatokea. Mashimo yote thelathini na mawili, kete sitini na nne, za ubaoni na za mkononi. Nimezihesabu. Nikacheza na kompyuta, ikanifunga, na nikafurahi kama niliyefunga mimi. Waliokuwemo dukani wote nikawaambia kuwa aliyetengeneza kitu hiki ni mwanangu wa kumzaa, na chumba alichozaliwa ni kile pale juu chenye dirisha la kijani. Kazija, yule anayeshona kofia nami, nilimwambia asubuhi, na alasiri nikamwambia tena, maana mara ya kwanza sikuridhika na alivyoshangaa.

Pana pahala nilisita kidogo, lakini mimi mtu wa darasa la saba, na kompyuta ina haraka zake. Bao lako halina ila hata moja.

Naandika mwenyewe kwenye karatasi, Shemsa ananipigia kwenye mashine. Nimemwambia asibadilishe neno.

Mama'ko,
Hamda


Leeds
20 Januari 2006

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Idd njema nawe, japo imepita. Kifua kimepoa, na fulana ni tatu, si mbili. Mpe salamu Shemsa, na Kazija, na goti lako pia.

Mama, hebu nikueleze jambo hili vizuri. Bao ndiyo kazi yangu ya mwisho ya chuo. Ikianguka, mwezi wa saba sipati cheti, miaka mitatu imekwenda bure. Na mwalimu hatazami bao peke yake. Anataka kuona wachezaji wameniambia nini, na mimi nimerekebisha nini. Ndiyo sababu nikafungua lile baraza la kwenye mtandao. Waswahili waliotawanyika, wa Muscat, wa Toronto, wa Mombasa, wanacheza halafu wanaandika. Wengi wananisifu na kuondoka. Sifa hazinifai, mama. Namtaka mtu aniambie: nilicheza hivi, nikakwama hapa, na lau ningekuwa wewe ningefanya hivi.

Mpaka leo nimempata mmoja tu wa namna hiyo. Anajiita Kichwa cha Kushoto, lile shimo la mwisho kabisa la bao. Maneno yake makali, lakini anacheza kweli, na kila akicheza ananiandikia.

Nina muda mpaka tarehe 31 Machi. Nawe umekaa nyuma ya mlango wa babu miaka yote ile ukisikiliza bao. Umesema pana pahala ulisita. Ni wapi?

Mwanao,
Suud


Mlandege
3 Februari 2006

Suud mwanangu, nuru ya nyumba,

Nakuombea uwe mzima na umekula. Huku mvua imetunyeshea siku moja, ikajuta, ikaacha. Goti vilevile.

Sasa lala usingizi, kazi yako nimeimaliza. Nilishuka kwa Shemsa siku tatu mfululizo, tukafungua hilo baraza lenu. Kweli, mwanangu, watu walikuwa wachache, nikaona aibu kama nimealika maulidi na mikeka iko mitupu. Tukaijaza. Nimeandika kwa jina langu, na la Kazija, na la Shemsa mwenyewe, na la shangazi zako wote, na majirani wa ghorofa ya pili. Wote wamesema bao hili halina mfano. Hata babu yako Zahran, Mungu amrehemu, nimemwandikia. Angekuwa hai angesema hayohayo, basi mimi nimemfupishia safari. Jumla ni kumi na tano.

Na yule Kichwa cha Kushoto nimeshamweka pahala pake. Alikuwa ameandika kuwa kazi ni nzuri, lakini nyumba, lile shimo la mraba la katikati, hailali, na kwamba asiyejua kulala nyumbani bado hajakaa barazani. Barazani! Mjukuu wa Zahran! Nikamjibu: "Wewe unayejificha nyuma ya shimo la bao, mama'ko hakukupa jina? Kama unajua sana, tengeneza lako tulione." Tangu siku ile kimya, hajatia neno.

Ulipouliza nilisita wapi, nimeshasahau. Halikuwa jambo.

Mama'ko anayejivunia,
Hamda


Leeds
9 Februari 2006

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Jana mwalimu aliniita chumbani kwake. Alikuwa na karatasi yenye majina kumi na matano, yote yametoka kwenye mashine moja, kwa siku tatu, yote yananisifu. Akaniuliza, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza, kama niliyaandika mwenyewe au nilimlipa mtu. Nikasema ni mama yangu. Hakucheka. Amesema yote yaliyoandikwa barazani hayahesabiki, hata yale ya kweli. Nianze ukurasa mpya, na nisipopata wachezaji wa kuaminika kabla ya mwisho wa Machi, kazi hataipokea.

Kichwa cha Kushoto nimemwandikia mara mbili. Hajibu.

Kazija alipoanza kwako ulimfumulia kofia ileile mara tatu. Nilikuwepo. Alilia, ukampa chai, ukamfumulia tena. Leo kofia zake zinapata mwenyewe kabla hazijapigwa wanga. Mbona mimi hukunifumulia?

Nakuomba usiingie tena barazani.

Mwanao,
Suud


Mlandege
24 Februari 2006

Suud,

Hujambo, baba? Kila siku baada ya kushona nashuka kwa Shemsa, na kila siku anatikisa kichwa kabla sijauliza kama umeandika. Juzi nilimkuta amegeuza kiti ili asinione ninavyoingia.

Barazani sijaingia. Nimesimama mlangoni tu, nasoma, siandiki.

Sina la kuandika zaidi. Niambie kama unakula.

Mama yako


Mlandege
10 Machi 2006

Mwanangu Suud,

Nakusalimu, ingawa hunijibu. Maulidi yamekaribia na kofia zimenielemea, lakini leo nimeziweka kando. Barua hii nimeiandika mara nne. Shemsa ameambiwa aipige na makosa yake.

Nilikudanganya. Sijasahau niliposita. Niliona siku ile ya kwanza, kabla ya huyo bwana kuona.

Unajua nilivyojifunza bao. Mtoto wa kike hakai barazani na wanaume, basi mimi nilikaa ndani, mgongo kwenye mlango, kofia mapajani, nao wanacheza nje. Sikuona hata kete moja. Nilisikia tu. Kete ikianguka kwenye shimo tupu inalia juu ya mti. Ikianguka juu ya wenziwe inalia jiwe kwa jiwe. Babu yako alikuwa akiita kutoka nje, "Hamda, nani anashinda?" Nami najibu bila kufungua mlango, na wale wazee wanaapa kuwa mlango una tundu.

Siku ile kwa Shemsa nilikula kete za kompyuta, nikazisambaza, na ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yangu. Nyumba ilikuwa imeshiba, kete kumi na moja. Hapo mchezaji ndiye mwenye hiari, alale ailinde nyumba yake, au aivunje asafiri nazo. Mimi nilitaka kulala. Kompyuta haikuniuliza. Ilizizoa zote, ikasafiri nazo, na mchezo ukaniponyoka. Hapo ndipo niliposita. Nikatazama nyuma, watu wamenizunguka, nimeshawaambia aliyetengeneza ni mwanangu. Nikanyamaza nikacheka. Na huyo mtu wa Toronto au wa wapi alipoisema kweli niliyoificha, nikamtukana. Hasira zangu zilitoka hapo, si kwingine.

Umeniuliza kwa nini Kazija nilimfumulia na wewe sikukufumulia. Kofia ya Kazija naishika naielekeza kwenye jua, kila tundu lililokwenda upande naliona. Yako ningeielekeza kwenye jua lipi? Miaka mitatu sijakuona. Kitu kilichotoka mkononi mwako kikanifikia, nilitaka kukibusu tu, si kukitafutia ila.

Basi leo nafumua, kaa vizuri.

Nyumba imuulize mwenyewe. Mtu akifika, mchezo usimame, mpaka yeye aseme nalala au nasafiri. Hili ni kubwa, mengine yote yanangoja. Tena, kete zako hazilii. Zinakimbia kimya kama panya, na mimi nisiyeona vizuri bila miwani nimepotea. Zipunguzie mbio, uzipe sauti, na ya shimo tupu isiwe sawa na ya shimo lenye kete. Ile rangi nyekundu inayong'aa sikuipenda. Komwe, zile mbegu tunazochezea, ni za kijivu, na jicho likizizoea linahesabu lenyewe. Halafu ukifungwa, linatokea neno moja la Kiingereza, basi. Mtu akifungwa bao huku kwetu hupata maneno mpaka afike kwake! Lako nalo liseme neno, hata la utani.

Nilichopenda ni pale unapochukua kete ya mkononi, mkono mdogo unatokea, na umeuchora kidole cha shahada kimepinda. Ni kidole cha babu yako. Sikumwambia mtu.

Haya yote, ukiniruhusu, nitayaandika barazani kwa jina langu moja tu. Na huyo bwana nitamwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomtukana mbele ya watu. Usiponijibu sitaandika.

Mama yako,
Hamda


Leeds
2 Aprili 2006

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo, nazo hazitoshi kwa wiki nilizonyamaza. Nisamehe. Ujumbe wangu wa maneno mawili, "Ruhusa mama", Shemsa aliniambia ulimfanya auchape kwenye karatasi.

Ulichoandika kwenye ukurasa mpya wa baraza kilikaa siku mbili bila jibu. Siku ya tatu Kichwa cha Kushoto akatokea. Nadhani umeshasoma, lakini wacha nikurudishie maneno yake: "Bi Hamda, shikamoo. Mama yangu alinipa jina la Ubwa, mtu wa Mkokotoni, niko Toronto mwaka wa kumi na tisa. Radhi nimepokea. Hilo la sauti ya shimo tupu mimi sikuliwaza, na nimecheza bao miaka hamsini." Baada yake wakaja wengine. Kila mmoja akaanza kuandika kama ulivyoandika wewe: nilicheza hivi, nikakwama hapa, fanya hivi. Wapo tisa sasa. Mmoja wa Mombasa amekupinga kuhusu rangi, ana hoja, nimeweka zote mbili mtu achague.

Kazi nimeipeleka siku moja kabla. Barua yako ya tarehe kumi niliitafsiri neno kwa neno nikaiweka ndani, hata pale ulipokiri kumwandikia babu, ili mwalimu ajue yale kumi na tano yalitoka wapi. Aliisoma mbele yangu. Alipofika pa mlango na kete akarudi juu akasoma tena. Kisha akaniuliza kama mama yangu angekubali kujaribu kazi za wanafunzi wengine.

Majibu mwezi wa sita. Nyumba sasa inalala. Jaribu uniambie, na usinionee haya.

Mwanao,
Suud


Mlandege
22 Julai 2006

Mwanangu Suud, mwenye cheti chake,

Alhamdulillah, na nakuamkia mimi leo badala ya wewe kuniamkia, maana nimefurahi mpaka nimechanganyikiwa. Goti limepona siku ile ile ya majibu, likarudi kesho yake.

Bao nimecheza. Nilifika nyumbani na kete tisa, likaniuliza, nikalala. Nikashinda. Shemsa amelifungulia sauti, sasa wateja wake wananuna, nami nafumba macho nasikiliza. Ile sauti ya mti na ya jiwe umeipatia. Shimo la mwisho la kulia linachelewa kidogo kulia, litazame.

Picha yako ya joho imefika, Shemsa ameichapa kubwa, iko ukutani juu ya cherehani. Sikumwonyesha mtu ila wanaopanda ngazi, na wasiopanda nimewashukia. Ubwa naye nimemtumia. Amesema umefanana na watu wa Mkokotoni. Nikamjibu aende akapime macho, lakini nilimjibu kwa adabu.

Sasa nikwambie kama ulivyonifundisha. Nilichopenda ni unavyocheka, meno yote nje, kama umefunga bao. Nilipokwama ni hiyo kofia. Pembe nne, bapa kama sinia, imekukalia upande na uzi unakuingia jichoni. Aliyeikata hakupima kichwa, alipima meza. Ingekuwa ya Kazija ningeifumua.

Na dawa yake, mimi nimekuanzia kofia, ya mikono yangu, si ya Kazija. Kitambaa nimeshakichora na pande mbili nimeshatoboa. Nimefika pa kuunga duara, nimesimama. Kipimo nilichonacho ni cha mwaka ulioondoka, na kichwa kilichobeba masomo yote hayo hakiwezi kuwa kilekile. Nilitaka kukwambia ukipime kwa uzi, ufunge fundo, unitumie kwa posta.

Nimeghairi. Uzi hunyooka njiani. Lete kichwa chenyewe.

Mama yako,
Hamda